Kinyonga wa mtoto anapougua ghafla

KATIKA mambo ambayo wazazi huyaona madogo, na mbele ya mtoto ni makubwa, ni kuugua kwa mnyama aliyemzoea. Ng'ombe akiugua, nyumba nzima huamka: afisa mifugo huitwa, majirani hushauriana, fedha hutafutwa. Lakini kinyonga aliyewekwa na mtoto ndani ya boksi nyuma ya jiko, akikutwa amelala ubavu na macho yamefumba mchana kweupe, jibu la wakubwa mara nyingi huwa moja: "Katupe kichakani." Mtoto hulia peke yake, na mnyama hufa peke yake.

Wiki hii ukurasa wetu wa familia unalitazama jambo hilo kwa makini. Tutaeleza ni nini humsibu kinyonga anayeugua ghafla, nini kifanyike katika saa za mwanzo, nini kiepukwe, na dini yetu inamwachia wajibu gani yule aliyemchukua kiumbe huyo kutoka mtini na kumfungia ndani.

Vinyonga wa nyanda za juu

Buger ni kata ya wilaya ya Karatu, mkoani Arusha, katika nyanda za juu zilizoinuka juu ya Bonde la Ufa, kati ya Ziwa Manyara na milima ya Ngorongoro. Ni nchi ya wakulima na wafugaji, yenye mashamba ya mahindi na maharage, mifugo, na asubuhi za baridi kali ifikapo Juni na Julai. Mtoto anayechunga mbuzi au kukata majani ya ng'ombe katika nchi kama hii hukutana na kinyonga kwenye ua na vichakani bila hata kumtafuta.

Milima ya kaskazini mwa Tanzania ina vinyonga wake. Yuko yule mdogo mwenye michirizi ubavuni, ambaye wanasayansi humwita Trioceros sternfeldi, mkazi wa nyanda za Ngorongoro, Meru na Kilimanjaro. Huyu hatagi mayai. Huzaa watoto walio hai. Yuko pia yule mkubwa zaidi, mwenye vijiwamba vya ngozi nyuma ya kichwa, Chamaeleo dilepis, ambaye ameenea sehemu nyingi za Afrika Mashariki hadi pwani. Huyu hushuka ardhini, huchimba shimo na kutaga makumi ya mayai. Tofauti hiyo si ya kupamba maelezo, kwani tutaona mbele kwamba inaweza kuamua uhai wa mnyama.

Lugha yetu nayo ina sehemu yake katika elimu hii. Mwaka 2006 wataalamu walipowatenga baadhi ya vinyonga wa milima ya Afrika Mashariki na kuwapa jina la jamii yao, walichagua jina Kinyongia, lililotokana na neno la Kiswahili, kinyonga.

Hofu iliyorithiwa

Kabla ya kuzungumzia tiba, hatuna budi kuiondoa hofu, kwa sababu ndiyo inayowafanya wengi wamwue kinyonga hata kabla hajaugua. Katika simulizi za jamii nyingi za Kibantu, kinyonga ndiye mjumbe aliyetumwa kuwapelekea wanadamu habari ya uzima. Akachelewa njiani, na mjusi akatangulia na habari ya mauti. Kutokana na simulizi kama hizo ikazaliwa dhana kwamba kumwona ni mkosi, kwamba ana sumu, na kwamba akikung'ang'ania hakuachii.

Ukweli ni kwamba kinyonga hana sumu. Akishikwa kwa nguvu hufungua kinywa, huvimbisha mwili na hulia kwa mvumo, na akibanwa sana huweza kung'ata, lakini mng'ato wake hauna madhara ya kutisha. Kung'ang'ania kwake ni kwa sababu vidole vyake vimeumbwa kama koleo za kushikia tawi. Ama habari ya mkosi, Muislamu anafahamu kwamba kheri na shari haziletwi na mjusi wala ndege.

Wako pia wanaochanganya kinyonga na mjusi wa nyumbani, wakidhani kwamba hadithi zinazotaja kuuawa kwa mjusi aitwaye kwa Kiarabu wazagh zinamhusu na yeye. Kinyonga kwa Kiarabu ni hirbaa, na ni mnyama mwingine. Imam Damiri, aliyefariki mwaka 808 Hijria, katika kitabu chake maarufu cha maisha ya wanyama, Hayat al-Hayawan, amewapa wawili hao milango tofauti. Waarabu wa kale walimtolea kinyonga mfano wa mtu mwangalifu, kwa kuwa haachi tawi alilolishika mpaka awe amelishika jingine.

Amana ya aliyefunga mlango

Imepokewa na Bukhari na Muslim hadithi ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia mpaka akafa. Hakumlisha wala kumnywesha, na wala hakumwachia ajitafutie riziki yake katika viumbe wadogo wa ardhini. Tuitazame hadithi hii kwa utulivu. Mwanamke yule alikuwa na milango miwili ya kutokea. Wa kwanza ni kumhudumia mnyama akiwa kifungoni, na wa pili ni kumfungulia. Maangamizi yake yalikuja kwa kuifunga yote miwili.

Hiyo ndiyo kanuni ya makala haya yote. Anayemtia kinyonga ndani ya boksi amemwondolea umande, jua, wadudu na kivuli, vitu ambavyo Mola wake alikwisha kumwandalia bila ya mkono wa mwanadamu. Kuanzia hapo vyote hivyo vimekuwa deni la aliyemfungia. Na ikiwa mfungaji ni mtoto, basi deni ni la mzazi.

Wala haifahamiki kutokana na hayo kwamba dini inamchukia mtoto anayependa mnyama. Sahihi mbili zimepokea pia habari ya mtoto Abu Umayr, nduguye Anas bin Malik, aliyekuwa na ndege mdogo wa kuchezea. Ndege akafa, mtoto akahuzunika, na Mtume (SAW) alikuwa akimwuliza habari za ndege wake kwa upole na kumliwaza. Mwanachuoni wa madhehebu ya Shafi, Ibn al-Qass, aliyefariki mwaka 335 Hijria, aliiandikia hadithi hiyo kitabu maalumu na kutoa humo faida zipatazo sitini. Miongoni mwa yale ambayo wanazuoni wameyachukua katika tukio hilo ni kwamba inajuzu mtoto kuwa na mnyama wa kumliwaza, kwa sharti la kutomtesa.

Ghafla isiyo ya ghafla

Neno tunalolisikia siku zote ni hili: "Jana alikuwa mzima." Kwa kinyonga, neno hilo ni la kweli mara chache sana. Mnyama huyu huwindwa na nyoka, ndege na paka, na anayeonekana dhaifu ndiye wa kwanza kuliwa. Kwa hiyo huficha udhaifu wake mpaka nguvu ya kuficha imwishie. Siku unayomwona ameanguka, huenda ni siku ya ishirini ya ugonjwa wake.

Faida ya kulijua hilo ni mbili. Kwanza, hatungoji hadi kesho "tuone atakavyoamka". Dalili iliyoonekana leo ni ya mwisho katika safari ndefu, na saa zilizobaki ni chache. Pili, tunapotafuta sababu haitoshi kuuliza alikula nini asubuhi. Tuulize pia ameishije tangu siku aliyoletwa.

Yako, hata hivyo, mambo matatu yanayomdhuru kinyonga kwa ghafla halisi. La kwanza ni joto: boksi au ndoo iliyoachwa juani saa sita mchana, hata kama hewa ya Karatu ni baridi, hugeuka tanuri. La pili ni kuumia kwa kuanguka, kukanyagwa, kudonolewa na kuku au kutiwa kucha na paka. La tatu ni sumu. Mtoto hukamata panzi shambani na kumlisha, bila kujua kwamba maharage yale yalipuliziwa dawa ya wadudu siku ya jana. Panzi mwenye sumu aliye mzito wa kuruka ndiye rahisi kukamatwa, na ndiye anayeingia mdomoni mwa kinyonga.

Dalili na maana zake

Macho. Jicho la kinyonga mzima limetuna na huzunguka huku na huko mchana kutwa. Akifumba macho mchana, hilo pekee linatosha kuwa tahadhari, kwani kinyonga mzima hulala usiku. Jicho lililozama ndani ni dalili ya kukosa maji.

Choo. Kinyesi cha kinyonga hutoka pamoja na kitu kigumu cheupe, ambacho ndicho mkojo wake. Kikiwa cheupe, maji yanamtosha. Kikigeuka rangi ya manjano iliyokolea au ya chungwa, mnyama ana kiu ya siku nyingi. Wengi hushangaa kusikia hivyo, kwa kuwa kisahani cha maji kilikuwa mbele yake siku zote. Kinyonga kwa kawaida hanywi maji yaliyotuama. Hunywa matone yanayong'aa juu ya majani. Anaweza kufa kwa kiu kando ya bakuli lililojaa.

Miguu na taya. Miguu iliyopinda, mwili unaoburutwa, taya laini, au ulimi usiofika mbali kama zamani, vyote huashiria mifupa iliyokosa madini ya chokaa. Mwili hauwezi kuyatumia madini hayo bila vitamini D, na vitamini hiyo kinyonga huitengeneza kwa msaada wa mwanga wa jua unaomfikia moja kwa moja. Kioo cha dirisha huzuia sehemu ya mwanga inayofanya kazi hiyo. Hivyo kinyonga aliye nyuma ya dirisha lenye jua zuri, kwa upande wa mifupa yake, yuko gizani.

Kinywa. Kinywa kilicho wazi muda wote chaweza kuwa na maana mbili. Ikiwa mnyama amepauka na yuko mahali pa moto, ni joto limemzidi. Ikiwa yuko mahali pa ubaridi, ameinua kichwa juu, na mapovu au kamasi zaonekana puani au mdomoni, yaelekea mapafu yameingiliwa na maradhi. Kitu cha manjano kama jibini kwenye fizi ni usaha.

Mtikisiko. Kutetemeka, kukakamaa na kutokwa na ute, saa chache baada ya kula, humfanya mtu kwanza ashuku sumu ya shambani.

Jike linalohangaika. Jike lenye tumbo kubwa, lililoacha kula, linalotembea sakafuni bila kutulia na kukwaruza pembe za boksi, huenda linatafuta udongo wa kutagia. Hapa ndipo ile tofauti ya vinyonga inapokuwa na uzito. Kinyonga mwenye vijiwamba akinyimwa udongo wenye unyevu wa kuchimba huzuia mayai tumboni, na mayai yakizuilika humwua.

Rangi. Mtu asidhani kwamba kila weusi ni ugonjwa. Asubuhi ya baridi kinyonga hujitia weusi ili avute joto la jua, na hujitia weusi pia kwa hofu na hasira. Lakini akibaki mweusi au aliyepauka kutwa nzima, huku hali wala hatazami, rangi hiyo huungana na dalili nyingine kutoa ushahidi.

Saa ya kwanza

Mzazi afanye nini mtoto anapokuja mbio na boksi mikononi?

Kwanza, awatawanye watu. Kundi la watoto waliomzunguka mnyama aliye dhaifu humwongezea hofu, na hofu kwa kinyonga ni ugonjwa kamili. Paka, mbwa na kuku watengwe.

Pili, amtoe ndani ya boksi na kumweka juu ya tawi lenye majani, mahali penye hewa na kivuli, ambapo jua laini la asubuhi au alasiri linafika upande mmoja ili achague mwenyewe. Tawi liwe fupi, karibu na ardhi, na chini yake patandikwe majani, kwa sababu asiye na nguvu huanguka. Kichaka kilichozungushiwa chandarua cha zamani ni wodi nzuri kuliko sanduku lolote. Asimshike kwa kumbana mgongoni. Aweke kijiti mbele ya miguu yake, naye atapanda.

Tatu, maji. Kopo safi litobolewe tundu dogo kama la sindano, litundikwe juu ya kichaka, matone yadondoke majani mbele ya uso wake polepole. Au majani yanyunyiziwe maji kwa mkono, kidogo kidogo, kwa dakika kadhaa. Kinyonga mwenye kiu mara nyingi hufungua macho na kuanza kulamba baada ya kungoja kitambo. Asiyeitikia leo anyunyiziwe tena jioni na kesho asubuhi. Aliyezidiwa na joto ahamishiwe kivulini kwanza, majani yake yaloweshwe kwa maji ya kawaida. Kumtumbukiza katika maji baridi kutamshtua.

Nne, jike linaloonekana kutafuta pa kutagia liwekewe ndoo pana yenye udongo na mchanga wenye unyevu, kina cha kiganja na nusu au zaidi, lifunikwe kwa kitambaa, liachwe peke yake bila kuchunguliwa.

Tano, mzazi na mtoto wakae chini waandike: aliletwa lini, kutoka mti upi, amekula nini na kutoka shamba gani, amepata choo lini na cha rangi gani. Simu ikiwapo, ipigwe picha. Karatasi hiyo itamsaidia mtaalamu kuliko maelezo ya haraka, nayo humfundisha mtoto kwamba huruma ya kweli huambatana na uangalizi.

Mambo ya kuepuka

Asitiliwe maji mdomoni kwa nguvu. Tundu la pumzi la kinyonga liko karibu sana na ulimi, na maji yaliyosukumwa huingia mapafuni. Vilevile asilishwe kwa kulazimishwa: mwili uliokauka hauwezi kusaga chakula, na wadudu huozea tumboni.

Asipewe dawa za binadamu, wala dawa za kuku, wala maziwa. Kinyonga wa milimani ana uzito wa gramu chache, na yule mkubwa ana makumi machache ya gramu. Kipande cha kidonge kinachoonekana kidogo machoni petu kwake ni sumu ya kumtosha mara nyingi.

Asilazwe kitandani na mtoto, wala asiwekwe jikoni. Wanyama watambaao, hata wakiwa wazima, huweza kubeba vijidudu vya salmonela, vinavyosababisha kuhara na homa kwa binadamu, hasa watoto walio chini ya miaka mitano, wajawazito, wazee na wagonjwa. Kila aliyemshika, au kushika tawi na maji yake, anawe kwa sabuni kabla ya kugusa chakula au uso. Maji ya kumnyunyizia yawe na chombo chake.

Mtaalamu wa kumwendea

Afisa mifugo wa kata ndiye wa kwanza kuulizwa. Inawezekana kazi yake ya kila siku ni ng'ombe na mbuzi, na vinyonga hajawatibu. Hata hivyo anaweza kuona kama kuna usaha, mvunjiko au uvimbe, na ana njia ya kuwasiliana na madaktari wa mifugo walioko mjini. Maradhi ya mapafu, usaha wa kinywa na mayai yaliyozuilika hayaponi kwa maji na kivuli peke yake. Yanahitaji dawa iliyopimwa kwa uzito, au mkono wa daktari. Kwa wakazi wa mkoa wa Arusha, ipo pia Meserani Snake Park, kando ya barabara itokayo Arusha kwenda Makuyuni, mahali ambapo nyoka na watambaao wengine hufugwa, na penye watu waliozoea kuishi na viumbe wa jamii hii.

Mzazi asione haya kuuliza. Anayecheka kwamba mtu amefunga safari kwa ajili ya kinyonga akumbushwe habari mashuhuri ya mtu aliyeshuka kisimani akajaza maji katika kiatu chake kumnywesha mbwa mwenye kiu, naye akasamehewa kwa kitendo hicho.

Mlango wa pili: kumrudisha

Mlango wa pili ni ule ambao mwanamke wa paka aliufunga. Kwa kinyonga aliyechukuliwa karibuni kutoka ua wa jirani, asiye na jeraha wala usaha, ambaye ugonjwa wake ni kiu, njaa na hofu ya kifungo, dawa iliyo bora ni kumrudisha. Anyweshwe, apumzishwe siku moja, kisha arudishwe asubuhi jua lilipokwisha kupanda, ili apate kutwa nzima ya kujipasha joto kabla ya baridi ya usiku. Arudishwe katika mti ule ule alikotolewa, au karibu nao kabisa. Kinyonga wa bondeni akiachiwa mlimani, au wa mlimani akipelekwa bondeni, hatupwi mbali na kifo. Na anayetoka mbali huweza kuwapelekea wenziwe maradhi wasiyoyajua. Asiyejulikana alikotoka apelekwe kwa afisa wanyamapori wa wilaya.

Jambo hili lina mfano katika Sunna. Katika hadithi iliyopokewa na Abu Dawud, baadhi ya Masahaba wakiwa safarini waliwachukua makinda ya ndege, na mama yao akaja akipapatika. Mtume (SAW) akauliza ni nani aliyemhuzunisha ndege yule kwa watoto wake, kisha akaamuru warudishiwe.

Sheria ya nchi nayo imesema. Chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, wanyamapori wa Tanzania ni mali ya umma, Rais akiwa mdhamini kwa niaba ya wananchi, na kuwakamata kunahitaji kibali. Kinyonga ni mmoja wao. Biashara yake kati ya nchi na nchi inadhibitiwa pia na mkataba wa kimataifa wa CITES, na mwaka 2016 Serikali ilisimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai kwenda nje. Mtoto aliyeokota kinyonga hana nia mbaya. Ni wajibu wa mzazi kumweleza kwamba kiumbe huyo ana mwenyewe, na kwamba kumtazama mtini kila asubuhi ni urafiki pia.

Umuhimu wa sheria hiyo unaonekana katika tukio lililotangazwa na mamlaka za Austria mnamo Januari 2021. Katika uwanja wa ndege wa Vienna alikamatwa msafiri aliyetoka Tanzania kupitia Ethiopia, akiwa na vinyonga 74 wa milima yetu, waliofichwa ndani ya soksi na makopo ya aiskrimu. Walipelekwa katika bustani ya wanyama ya Schönbrunn kutunzwa, na watatu hawakupona. Kati ya soksi ile na boksi lililo nyuma ya jiko kuna umbali mkubwa wa nia. Mnyama aliyemo ndani, hata hivyo, haoni tofauti: kote ni giza, hakuna tone juu ya jani wala jua.

Akifa

Pamoja na juhudi zote, ajali yake yaweza kufika. Hapo mtoto asidanganywe kwamba "ametoroka", maana uongo wa mzazi hukaa moyoni mwa mtoto kuliko msiba wenyewe. Aambiwe kwa upole kwamba kila nafsi ina muda wake. Achimbe shimo pamoja na baba au kaka yake, amfukie mnyama kwa kina ambacho mbwa hawatamfukua, anawe mikono kwa sabuni. Hakuna sala wala matanga kwa mnyama. Kuna adabu tu ya kumsitiri, na kuna nafasi ya mzazi kukaa na mtoto akamwuliza habari za kinyonga wake, kama Abu Umayr alivyoulizwa habari za ndege wake.

Kisha, machozi yakikauka, isomwe ile karatasi iliyoandikwa. Huenda mtoto mwenyewe ataona ni wapi maji yalikosekana, au ni panzi wa shamba lipi aliyeleta balaa. Mtoto aliyejifunza hayo kwa kinyonga atakuwa mwangalifu zaidi kwa mbuzi, kwa punda, na kesho kwa watu walio chini ya mkono wake. Na siku nyingine akimwona kinyonga kwenye ua, huenda atasimama, amtazame akivuka kutoka tawi hadi tawi, kisha aendelee na safari yake akiwa mikono mitupu.

Tunamwomba Allah (SW) atujaalie tuwe miongoni mwa wanaovihurumia viumbe vilivyo ardhini, ili nasi tupate rehema Yake. Wallahu a'lam.